Sufuria ya Kumi na Moja

Nyuma ya zahanati ya ngozi, ukishapita chumba cha kufungia vidonda na kushuka ngazi tatu za saruji, palikuwa na chumba ambacho watu walikijua kwa pua kabla ya kukijua kwa macho. Kilinuka ufuta, nta ya nyuki na majani mabichi. Kila harufu peke yake haina ubaya, lakini zikikutana kwenye sufuria moja, mtu hujiuliza nani kamwaga chai zizini.

Ndani palikuwa na meza ya bati, mizani ndogo ya kupimia, jiko la umeme, na dirisha lililozibwa kwa karatasi ya kahawia ili jua lisiyaguse majani yanayokauka kwenye nyavu. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia daftari la jalada gumu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, isije ikatembea.

Aliyeshika mwiko humo aliitwa Bibi Sabuni. Jina hilo alilipata kwa haki. Miaka thelathini na miwili alipika sabuni za vipande uani kwake, na mtaani kwao hapakuwa na beseni ambalo halikuwahi kuonja povu la mkono wake. Mgongo ulipoanza kukataa ndoo nzito, mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pili, akamwita zahanati. Mjukuu huyo alikuwa mfamasia. Alikuwa akitafuta mafuta ya kukinga jua ambayo hayawashi ngozi wala hayachomi macho, maana yale ya dukani yaliwatoa machozi wagonjwa wake wengi, wengine wakayaacha wakabaki wakiungua.

Mafuta yake yalikuwa hivi: unga mweupe wa zinki, ndio unaosimama juu ya ngozi kama ukuta, kisha maji mazito ya majani ya chai ya kijani, ute wa alovera, mafuta ya ufuta na nta. Mjukuu hakuchoka kumweleza bibi yake kwamba mimea peke yake haitoshi, asije mtu akadanganywa. Mimea inaituliza ngozi na kuisaidia zinki, basi. Bibi naye alipenda kuelezwa, hata yale aliyokwisha kuyashika, kwa sababu mtoto aliyembeba mgongoni sasa alimfundisha kwa upole vile.

Daktari mkuu alipouliza vyeti vya huyo mpikaji, mjukuu alijibu kwamba bibi yake aliishia shule ya msingi, lakini hajamwona hata siku moja akikidanganya kipimo. Daktari akatabasamu, akasaini. Bibi Sabuni alikuwa nje ya mlango, akalisikia neno hilo, akaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa kitenge kipya.

Sheria ya chumba ilikuwa moja. Chochote kinachoingia kwenye sufuria kiandikwe kwanza, ndipo kiingie. Kila sufuria ilikuwa na ukurasa wake, na mwandishi alikuwa Bibi mwenyewe, herufi zake za mviringo zimekaa kwenye mstari kama vikombe kabatini.

Waliojaribu mafuta hayo walikuwa watu kumi na wawili ambao kazi yao ni jua: wanawake wa kitalu cha miche, askari wawili wa barabarani, mwashi na wengine. Mmoja wao alikuwa mpaka rangi wa barabara, yule anayechora mistari myeupe katikati ya lami. Alikuwa mtu mwenye ualbino, na jua ambalo kwa wenzake ni karaha tu, kwake lilikuwa adui wa kila siku. Alivaa kofia pana kama sinia, kwa hiyo wote wakamwita Kofia. Kwa miezi miwili ya mwanzo, mafuta ya chumba kile yalimlinda vizuri, na mwenyewe hakunyima shukrani. Wala hakunyima maneno.

"Mchumba," alimwambia Bibi Sabuni siku ya kuchukua kopo jipya, kwa maana walitaniana kama bibi na mjukuu, "mafuta yako yanafanya kazi, sikatai. Ila jana mbuzi wa watu kanifuata toka mzunguko wa barabara mpaka sokoni. Mwenyewe akadhani nimemwiba."

Wauguzi walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Bibi Sabuni alicheka nao. Lakini neno lile lilimwingia. Miaka yote ile ya sabuni, mtu anaweza kusema kipande ni kidogo, anaweza kusema bei imepanda, lakini kwamba kitu cha mkono wake kinanuka, hapana. Alilala nalo, akaamka nalo.

Dawa yake aliijua. Sabuni iliyompa jina ilikuwa ya ndimu. Jumapili ile akakaa uani na ndoo ya ndimu, akakuna maganda yake ya kijani taratibu asiguse nyama nyeupe, akayafunga kwenye kitambaa, akayakamua mpaka vidole vikamuuma. Akapata kichupa cha mafuta yanayong'aa. Asubuhi ya Jumatatu akawahi kazini kabla ya mjukuu. Akapika sufuria ya kumi na moja, akaiepua, akaiacha ibaki na uvuguvugu. Akamimina vijiko sita, akakoroga, na chumba kizima kikabadilika kama kimefunguliwa madirisha.

Mkono ukaenda kwenye daftari, ukasita. Alijua mjukuu angesema wasubiri, wapime, waulize, mwezi upite. Na harufu si dawa, alijisemea. Watu wakisifu, ndipo nitamwambia. Akalirudisha daftari msumarini.

Watu walisifu, tena sana. Makopo kumi na mawili yaliondoka asubuhi hiyohiyo. Mjukuu alipofika akanusa hewani, akauliza kulikoni leo chumba kinanukia ndimu. Bibi Sabuni akajibu, bila kuinua uso, kwamba ameyaosha makopo kwa sabuni yake ya zamani. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo na ulitoka mwepesi, kiasi kwamba hata yeye aliushangaa.

Alhamisi Kofia aliletwa na msimamizi wake. Mikono, kuanzia pale mikono ya shati inapoishia mpaka vifundoni, ilikuwa imewiva, ina malengelenge makubwa yaliyojaa maji. Shingoni palikuwa vilevile. Hakutania mtu. Aliketi kwenye kiti cha chumba cha vidonda, mikono kaiweka mbali na mwili kama ya mtu mwingine, na mlango wa kushukia kule nyuma ulikuwa wazi, kwa hiyo Bibi Sabuni, mwiko mkononi, aliyasikia yote.

Daktari alimuuliza kama alipaka. Alisema alipaka. Akamuuliza kama alirudia kupaka kila baada ya saa mbili. Alisema alirudia. Daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba watu kumi na mmoja wametumia mafuta ya sufuria hiyohiyo na hakuna aliyelalamika, sasa iweje yeye peke yake. Msimamizi naye akatia lake: kama huyu hawezi kufuata maelekezo, kazi ya barabarani itabidi apewe mwingine. Kisha Bibi Sabuni akamsikia Kofia akisema taratibu kwamba labda kweli alisahau, labda siku ile ya kuchora mistari mbele ya shule alipitiliza muda, na kwamba anaomba samahani kwa kuwaharibia utafiti wao.

Mjukuu alishuka ngazi uso umemshuka. Alilitoa daftari, akausoma ukurasa wa kumi na moja kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Ingekuwa ndimu imeingia humu, ningeelewa," alisema. "Ganda la ndimu lina kitu ambacho kikikaa kwenye ngozi kinaliita jua. Mtu anaungua kama kamwagiwa maji ya moto. Kwenye sabuni haina neno, inaoshwa inakwenda. Bibi, ile harufu ilikuwa ya sabuni tu?"

Bibi Sabuni alikuwa anakoroga maji ya majani ya chai. Hakuacha kukoroga.

"Sabuni tu, mama."

Mjukuu akapumua, akalifunga daftari. Kama halimo humu, alisema, halimo kwenye sufuria. Akapanda kumwambia daktari kwamba mafuta ni salama. Jina la Kofia likafutwa kwenye orodha kwa mstari wa rula.

Siku hiyo Bibi Sabuni alijiambia maneno mengi. Kwamba ndimu ni tunda la Mungu, watoto wanalamba. Kwamba ameipaka yeye mikononi miaka thelathini na miwili na hakuungua, akisahau kwamba sabuni aliipika kivulini na mikono aliinawa kila mara. Ijumaa, mchana jua likiwa kichwani, akachukua mafuta yaliyobaki chini ya sufuria, akachota kwa vidole vinne, akavipitisha upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Akarudi kwake, akakaa uani saa nzima akichambua mchele, mkono kaugeuzia juu. Alitaka jua lenyewe limshuhudie kwamba hakukosea.

Jioni hapakuwa na kitu. Jumamosi pakawa pekundu kidogo, pakawasha. Jumapili malengelenge yakainuka, mistari minne, mipana kama vidole vyake, na Jumatatu ngozi ikaanza kuwa nyeusi kama masizi pembezoni mwake. Akatoa sandukuni blauzi ya mikono mirefu, akaenda nayo kazini kwenye joto lile. Mjukuu akamuuliza kama anaumwa baridi. Akasema mifupa.

Angesema siku hiyo, mambo yangekuwa mepesi. Badala yake akaingia njia ya panya. Jumamosi ilikuwa imepikwa sufuria ya kumi na mbili, safi, haina chochote cha pembeni. Akajaza makopo kwenye mkoba, na kwa siku mbili, akitoka kazini, akazunguka kwa miguu kuwafuata wale watu mmoja mmoja. Alianza na kitalu. Aliwaambia kuna makosa ya lebo, wampe makopo ya zamani awape mapya. Walimpa wakimshukuru kwa kujisumbua mtu mzima. Mwanamke mmoja wa miche alikuwa anajikuna shingo, akasema viwavi mwaka huu wamezidi. Bibi Sabuni alimwona doa la kahawia chini ya sikio. Akamwambia pole, akambadilishia kopo, akaondoka haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Njiani alikutana na jirani aliyemsalimia, na hakukumbuka kama aliitikia.

Jumanne saa tisa alikuwa na makopo kumi na moja mkobani. Limebaki moja.

Kofia alikaa nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali, vyumba viwili, pazia zito la buluu mlangoni. Alimkuta ameketi kwenye mkeka ndani, bandeji mpaka juu ya viwiko, kofia yake imetundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Mkewe alikuwa kazini. Bintiye, mtoto wa miaka tisa mwenye ngozi kama ya baba yake, alikuwa mezani anajalidi madaftari. Mtoto akamwamkia, akamletea kiti.

Kofia alijaribu kusimama, Bibi akamzuia. Yule mtu akainamisha kichwa na kuanza kumwomba radhi. Alisema amemwaibisha. Mafuta yake mazuri, watu wanayasifu, halafu yeye kwa uzembe amefanya daktari ayatilie shaka. Mke wake amemgombeza siku tano, na ana haki. Kazi bado haijulikani. Lakini asije akadhani amekata tamaa na mafuta yale, hapana. Kopo lake amempa binti. Kesho darasa lao wanakwenda shamba la shule kutwa nzima, na amemwapisha mtoto kwamba atapaka vizuri, asifanye kama baba yake.

Bibi Sabuni akafungua mkoba. Akasema kuna makosa ya lebo. Akatoa kopo jipya, akamwambia mtoto alete lile, abadilishiwe.

Mtoto akaja na kopo amelikumbatia. Akalifungua lile jipya, akanusa, akakunja pua.

"Bibi, hili linanuka majani. Mimi nalipenda hili langu. Wenzangu hawatanicheka nikipaka hili." Akalirudisha lile jipya mkobani kwa adabu, kwa mikono miwili, akataka kurudi mezani.

Baba yake akasema si kitu, lebo tu, amwache nalo. Bibi Sabuni akamtazama mtoto, akatazama ile shingo na mikono myembamba isiyokuwa na doa. Uongo mwingine ulikuwepo, tayari, umekaa ulimini. Aliusikia uzito wake. Akaona kwamba akiutoa huu, atahitaji mwingine kwa mama wa mtoto, na mwingine kesho, na hautaisha mpaka siku atakayofunikwa udongo.

"Nipe hilo kopo, mama," alisema. "Usilipake. Ndilo lililomuunguza baba yako."

Mtoto akaliweka sakafuni kama limempiga. Kofia alimtazama Bibi kama hajasikia. Ndipo akayasema yote, kuanzia mbuzi. Vijiko, kitambaa, daftari lililorudishwa msumarini. Alisema haraka, macho kwenye mkeka, na kila alipofika mwisho alikumbuka kipande kingine.

Kofia alilisogeza lile kopo kwa mguu, mbali na mtoto.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi. Uliyokuja."

"Nilipokuwa namwomba daktari samahani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakoroga."

Hakumtukana. Angemtukana, Bibi Sabuni angepata pa kushika. Yule mtu aliinuka polepole, akamwambia binti amshushie kofia na amfunge shuka mikononi juu ya bandeji. Akamwambia Bibi kwamba yeye alisemwa mbele ya msimamizi na wauguzi, kwenye kile kiti, mlango ukiwa wazi. Basi na haya yakasemwe palepale. Hakumwita mchumba.

Wakaenda. Yeye alifuata upande wa kivuli, akiambaa na kuta. Bibi Sabuni akatembea upande wa pili wa barabara, juani, mkoba wenye makopo ukigongana, kwa sababu hakuona kama ana ruhusa ya kutembea karibu naye.

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Daktari alikuwa ananawa mikono chumba cha vidonda, wauguzi wawili wanakunja vitambaa, mjukuu anahesabu vidonge kwenye trei. Kofia aliketi kwenye kiti kilekile. Bibi Sabuni akabaki amesimama. Aliyapanga makopo kumi na mawili juu ya meza, moja baada ya jingine, akazungumza. Sauti yake ilikuwa ndogo, daktari ikabidi afunge bomba ili asikie. Alipofika kwenye yale maneno mawili aliyomjibu mjukuu wake, yalikataa kutoka. Akakunja mkono wa blauzi badala yake, akaunyoosha mbele yao. Mistari minne, myeusi, ya vidole vyake mwenyewe.

Muuguzi mmoja akasema "jamani" kwa sauti ya chini. Daktari akauinamia ule mkono, akautazama kwa makini, kisha akamgeukia Kofia. Akamwambia mbele ya wote kwamba alimkosea, kwamba atampigia simu msimamizi saa hiyohiyo, na jina lake litarudi. Akawaagiza wauguzi waende kitaluni kesho asubuhi, wakaanze na yule mwenye doa shingoni. Kwa Bibi Sabuni alisema neno moja tu: mwiko asiushike tena. Hakulisema kwa hasira.

Mjukuu hakuutazama mkono. Alikuwa anamtazama bibi yake usoni, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoizoea na kukuta mtaa umebomolewa. Akashuka zile ngazi tatu. Bibi Sabuni alidhani amekwenda kulia. Lakini mjukuu alirudi na daftari, kalamu inaning'inia kwenye uzi wake. Akalifungua ukurasa wa kumi na moja, akaliweka mezani kati ya makopo.

"Andika, Bibi."

Akaandika. Alikuwa hajawahi kuandika mbele ya watu tangu shuleni. Herufi zake zile za mviringo zilipanda na kushuka nje ya mstari. Aliandika kwamba kwenye sufuria hii yaliingia mafuta ya maganda ya ndimu, kwamba aliyeyatia ni yeye, kwamba hakuyaandika siku ile, na kwamba alipoulizwa alikana. Alipomaliza aliitazama kalamu, hakujua aiweke wapi.

Mjukuu akasema asome, mgonjwa asikie. Bibi Sabuni akasoma, kidole chini ya maneno, mkono wa blauzi bado umekunjwa. Kofia alisikiliza, kofia yake magotini. Maneno yalipokwisha, bomba lilikuwa linadondoka.

"Hujaandika vingapi," Kofia alisema.

Bibi Sabuni akarudi kwenye mstari wa kwanza. Palikuwa na nafasi ndogo tu kati ya maneno. Akainama karibu zaidi, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji, akabana pale katikati: vijiko sita.